Je, Yatupasa Kuitii Hukumu Isiyotupendeza?

Liko swali moja la zamani sana, na kila mtu aliyepata kusimama barazani ajua uchungu wake. Ndilo hili: Mtu akiwa na hakika moyoni mwake kwamba haki ni yake, naye mwamuzi akakata shauri kinyume chake, je, yampasa kuitii hukumu ile? Wengi hujibu mara moja kwamba yampasa. Lakini jibu hilo ni jepesi kinywani mwa mtu asiye na shauri. Mkuki kwa nguruwe. Kwa mwanadamu mchungu. Twataka kulitazama swali hili polepole, nasi tutalitazama kwa njia ya jambo moja la siku zetu hizi, lililowagusa watu wengi wa Afrika ambao hawakupata hata kusikia habari zake.

Lakini kwanza tuseme habari ya maji. Katika miteremko ya Kilimanjaro wazee walichimba mifereji tangu zamani, ili kuyaleta maji ya mito mpaka migombani. Mfereji mmoja hunywesha vihamba vingi, kwa hiyo maji hugawanywa kwa zamu: huyu hupata asubuhi, yule jioni, na mwingine kesho yake. Yuko mzee wa mfereji azitunzaye zamu hizo. Maji si mali yake. Kazi yake ni kukumbuka zamu ni ya nani, na neno lake hufuatwa kwa sababu watu wote wa mfereji wamekubali lifuatwe. Siku ambayo hawakubali tena, kila mtu atakwenda usiku na jembe lake kujifungulia maji, na mfereji utakuwa umekwisha, ijapokuwa maji yangali yakitiririka.

Mtandao wa intaneti nao unafanana na mfereji huo. Kila mashine iliyounganishwa nao haina budi kuwa na anwani yake, na anwani hiyo ni namba. Mashine mbili za mahali mbalimbali zikitumia namba moja, ujumbe haujui uende kwa nani. Namba za mpango ulioanza kutumika mwaka 1983 ni 4,294,967,296, wala haziwezi kuzidi. Watu walioko duniani wamekwisha kupita idadi hiyo karibu mara mbili, na wengi wana mashine zaidi ya moja. Kweli uko mpango mpya wenye namba nyingi mno, lakini mashine nyingi zingali zikizihitaji namba za zamani. Akiba ya dunia nzima iligawanywa ikaisha tarehe 3 Februari 2011, na kila daftari moja katika madaftari matano ya dunia likapewa fungu lake la mwisho, namba 16,777,216.

Madaftari hayo matano ndiyo wazee wa mfereji. Moja ni la Ulaya na Mashariki ya Kati, la pili la Asia na Pasifiki, la tatu la Amerika ya Kaskazini, la nne la Amerika ya Kusini na Karibi, na la tano ni letu la Afrika. Jina lake ni AFRINIC. Liliandikishwa kama kampuni isiyotafuta faida katika kisiwa cha Morisi mwaka 2004, nalo likatambuliwa rasmi mwaka 2005. Kampuni za simu, vyuo vikuu, mabenki na ofisi za serikali za nchi zetu huandikwa humo, ili ijulikane kwamba namba hizi ni za huyu, na namba zile ni za yule. Mtu anapotuma fedha kwa simu kutoka Moshi, au mwanafunzi anaposoma kitabu cha mtandaoni mjini Kampala, hafikiri habari za daftari hilo. Lakini lau daftari lingeharibika, hakuna ambaye angeweza kuwa na hakika namba hii ni ya nani.

Sasa tufike kwenye shauri lenyewe. Kati ya mwaka 2013 na 2016 kampuni moja iliyoandikishwa Shelisheli, iitwayo Cloud Innovation, ilipewa na AFRINIC namba zipatazo milioni 6.2. Baada ya miaka michache namba hizo zikawa mali ya thamani kubwa, maana akiba ya dunia ilikuwa imekwisha, na namba moja iliuzwa kwa makumi ya dola. Msomaji na azidishe mwenyewe, ataona fedha ya kupita dola milioni 100. AFRINIC ikasema ya kwamba namba hizo zatumiwa nje ya Afrika kinyume cha mapatano, nayo itazirudisha. Kampuni ikajibu kwamba haikuvunja mapatano, wala hayakatazi matumizi hayo. Sisi hatutaki kuamua kati yao. Hatukuitwa kuwa mahakimu, na hoja za pande zote mbili zilikuwa na watu wenye akili waliozikubali. Twataka kutazama yaliyofuata.

Mwezi wa Julai 2021 AFRINIC iliukata uanachama wa kampuni ile. Kampuni ikakimbilia mahakama ya Morisi, na siku chache baadaye mahakama ikatoa amri ya muda kwamba uanachama urudishwe mpaka shauri lisikizwe. Mwezi ule ule ikatoka amri nyingine kali zaidi, ya kuzuia fedha za AFRINIC zilizomo benki mpaka kiasi cha dola milioni 50, ili mdai asije akashinda akakuta mfuko mtupu. Fikirini, ndugu, maana yake. Daftari la bara zima halikuweza kuzigusa fedha zake lenyewe. Mishahara ya wafanyakazi ilikuwa hatarini, nao hawakuwa na kosa lo lote. Madaftari mengine manne ya dunia yakatangaza kuwa tayari kulisaidia.

Hapo ndipo swali letu la kwanza linaposimama wazi. Maana AFRINIC ilikuwa na uwezo ambao watu wengi walioshindwa barazani hawana. Maskini aliyenyang'anywa kihamba hawezi kumpinga askari. Lakini mwenye daftari, kwa kuandika mstari mmoja tu, angaliweza kuzifuta namba za mpinzani wake, akaziandika kwa mwingine, na mashine za dunia nzima zingaliona habari hiyo kabla hakimu hajapata kuamka asubuhi. Hapana mlango wa kuvunja, wala ng'ombe wa kuswaga. Angalikuwa na udhuru mzuri pia: kwamba alikuwa akiitetea mali ya Afrika, na kwamba hakimu wa kisiwa kimoja hajui mambo ya mashine.

Haikufanya hivyo. Iliurudisha uanachama kama ilivyoamriwa, na kuhusu fedha ilirudi mahakamani kuomba kizuizi kiondolewe. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mahakama ikakiondoa. Na tukumbuke kwamba mahakama iliyokiondoa ndiyo iliyokuwa imekiweka. Lau daftari lingaliidharau amri ya kwanza, lingalikwenda kwa uso gani kuomba ya pili?

Lakini mtu atatuuliza: Kwa nini nchi hamsini na zaidi zingojee neno la hakimu wa kisiwa kimoja chenye watu wapatao milioni moja na robo? Swali hili liliulizwa sana, na wenye kuliuliza hawakuwa wapumbavu. Twajibu hivi. Waanzilishi wenyewe waliichagua Morisi iwe makao ya daftari kwa sheria. Walijua ya kuwa nchi hiyo ina mahakama, na kwamba rufaa zake za mwisho hupelekwa London, kwa Kamati ya Hukumu ya Baraza la Mfalme. Mtu hajengi nyumba katika nchi ya mfalme fulani, akafurahi ulinzi wake miaka kumi na sita, kisha siku ya kushitakiwa akasema simjui mfalme huyu. Tena tuulize: Kama si hakimu huyo, nani? Mwenye daftari mwenyewe? Yeye ni mmoja wa wagomvi. Wenye magari na wenye farasi wote wana methali zao, na sisi tunayo ya ngoma: Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Haisemi kwamba mwamba ngoma ni mwovu. Yasema kwamba mikono yake yaelekea upande mmoja, naye hawezi kuihisi.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuitii hukumu isiyotupendeza. Si kwamba hakimu hakosei. Mahakimu ni watu, nao hukosea, na ndiyo maana rufaa iliwekwa. Bali mimi nikijihukumia mwenyewe sikosei mara chache zaidi. Nakosea mara nyingi zaidi, na kosa langu halina wa kulisahihisha. Mtu asemaye, Nitaitii hukumu nikiiona ni ya haki, hajaahidi kitu. Huyo ajitii mwenyewe tu, na mahakama kwake ni mshauri.

Hata hivyo hatutaki kuwaambia wasomaji kwamba kutii ni kunyamaza. Wengine hufikiri kwamba mtu mwenye adabu huipokea hukumu akiinamisha kichwa, wala hasemi neno tena. Sivyo. Mtume Paulo alipokuwa mbele ya Festo hakuwachochea watu, wala hakutoroka. Lakini hakunyamaza pia. Alidai shauri lake lifike kwa Kaisari, kwa kuwa sheria ilimpa haki hiyo. Naye aliilipa gharama ya rufaa yake, maana Agripa aliona kwamba mtu huyu angaliweza kufunguliwa kama asingalitaka kwenda kwa Kaisari. Akapelekwa chini ya ulinzi, akavunjikiwa na chombo baharini, ila hakuiacha njia aliyoichagua. Kukata rufaa ni namna moja ya kuiheshimu mahakama, maana mkata rufaa akiri kwamba neno la mwisho si lake.

Basi heshima ya hukumu ina sehemu tatu. Kwanza, kuyatenda yaliyoamriwa wakati amri ingali ikisimama. Pili, kama mtu hakuridhika, kusema mbele ya mwamuzi mwenyewe au aliye juu yake, waziwazi, kwa hoja. Tatu, kutoizunguka amri kwa hila. Sehemu hii ya tatu ndiyo ngumu. Wako watu waitiio hukumu mchana na kuivunja usiku. Ameambiwa asiufunge mfereji wa jirani. Haufungi, bali auachia ujae taka mpaka maji yasipite. Mtu wa namna hii ametii maneno ya amri, akalivunja shauri lenyewe.

Lakini hapo hatujamaliza, kwa kuwa liko swali zito zaidi. Je, ikiwa hukumu yenyewe itawaumiza watu wasiokuwamo katika ugomvi? Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na katika mambo ya mtandao nyasi ni watu milioni nyingi. Je, hapo pia yatupasa kutii tu?

Twaweza kujifunza kwa jambo lililotokea Marekani. Walikuwako watu walioumizwa, au waliofiwa na ndugu zao, katika mashambulio ya kigaidi. Mahakama za Marekani ziliwapa haki ya kulipwa fedha nyingi na serikali ya Irani, nayo haikulipa. Mwaka 2014 wakaomba jambo jipya: kwamba wapewe jina la Irani katika mtandao, yaani zile herufi mbili zinazomalizia anwani za nchi ile, kama vile herufi tz zinavyomalizia zile za Tanzania. Waliliomba kwa ICANN, shirika la California linaloyasimamia majina hayo kwa dunia nzima. Uchungu wa watu hao ulikuwa wa kweli, na hukumu walizokuwa nazo mkononi zilikuwa za halali. Lakini fikirini: jina hilo halitumiwi na serikali peke yake. Wenye maduka, walimu, waganga na wanafunzi hulitumia, wala hawakumwua mtu.

ICANN haikusema, Sisi tu wakubwa, hatuwezi kuamriwa. Ilikwenda mahakamani ikaeleza kwa nini jambo hilo haliwezekani bila kuwadhuru wengi. Hakimu wa kwanza akaikubali mwezi wa Novemba 2014. Wadai wakakata rufaa, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua kwamba jina lile lisitwaliwe, kwa sababu watu wengine wasio na hatia wangeumia. Hivyo waliokuwa nje ya ugomvi walilindwa na mahakama yenyewe, kwa kuwa mtu aliyejua madhara alikwenda kuyasema mahali panapostahili.

Twafundishwa nini? Kwamba hakimu hawezi kuyajua yote. Asipoambiwa kwamba mfereji huu wanywesha vihamba mia chini ya kile cha mgomvi, ataamuru ufungwe, naye ataona amefanya haki. Kwa hiyo yeye atunzaye kitu cha watu wote ana wajibu mara mbili: kuitii amri, na kumwambia hakimu kwa ukweli ni nani atakayeumia. Akinyamaza ili baadaye aseme, Mmeona jinsi mahakama zilivyo mbaya, huyo ameshiriki katika madhara.

Tena tutofautishe hukumu na kila karatasi yenye muhuri. Mwezi wa Novemba 2011 polisi wa Uholanzi waliliamuru daftari la Ulaya, lililoko Amsterdam, lifungie mafungu manne ya namba yasiweze kubadilishwa, kwa ajili ya upelelezi wa wezi wa mtandaoni. Daftari likatii kwanza, likawauliza wanasheria, kisha mapema mwaka 2012, lilipoona kwamba amri ile haina msingi wa kutosha katika sheria, likayafungua. Je, hiyo ilikuwa dharau? Sisi twaona sivyo, kwa sababu ya jambo lililofuata. Daftari halikujificha, lenyewe liliipeleka serikali ya Uholanzi mahakamani, ili hakimu aseme mpaka wa uwezo wa polisi uko wapi. Na mwaka 2013 mahakama ya The Hague ilipolikataa ombi lake, lilibaki mtii wa sheria kama mwanzo. Barua ya mkubwa si hukumu, ni dai tu mpaka hapo mwamuzi atakaposema. Lakini anayelipinga dai na aende barazani, asikae nyumbani.

Sasa turudi Morisi, maana hadithi haikuisha vizuri upesi, wala hatutaki kuwapaka wasomaji wetu asali midomoni. Baada ya mwaka 2021 mashauri yaliongezeka. Mwaka 2022 uchaguzi wa wakurugenzi ulizuiwa kwa amri ya mahakama, viti vikabaki wazi, na wakurugenzi wakapungua mpaka hawakufikia idadi itakiwayo na sheria. Daftari likawa kama mfereji usio na mzee. Mwezi wa Septemba 2023 mahakama ikamweka msimamizi wa kuiendesha kampuni na kuandaa uchaguzi. Uchaguzi ukafanywa Juni 2025, ukabatilishwa kwa sababu ya shaka juu ya kura zilizopigwa kwa hati za uwakilishi. Ukafanywa tena mwezi wa Septemba 2025, na wakurugenzi 8 wakachaguliwa. Basi, kwa miaka mitatu na zaidi bara zima halikuwa na baraza kamili la kulitunza daftari lake.

Mtu atasema: Haya ndiyo matunda ya utii wenu! Kama wangaliifuta kampuni ile tangu siku ya kwanza na kuziba masikio, mambo yangalikwisha. Twaikubali nusu ya neno hili. Ni kweli kwamba utii ulikuwa na gharama, na asemaye kwamba kuitii sheria hakumgharimu mtu kitu hajapata kuitii. Lakini nusu ya pili hatuikubali. Katika miaka ile yote ya ugomvi daftari halikufungwa. Namba za chuo kikuu hazikuibiwa zikaandikwa kwa mtu mwingine, kwa kuwa kila mtu aliendelea kuliamini daftari lile lile, na mashine za dunia ziliendelea kulisoma. Lau mtunza daftari angalionyesha mara moja tu kwamba huandika apendavyo juu ya neno la mahakama, kila kampuni ya simu ingalijiuliza usiku: Kesho akitukasirikia sisi, atatufuta pia? Namba zina kazi kwa sababu watu waliamini lililoandikwa. Imani hiyo ikivunjika, hapana hakimu wala fundi awezaye kuirudisha kwa amri.

Kuna na neno kwa washindi. Twazoea kumhubiria aliyeshindwa peke yake, lakini mshindi naye aweza kuidharau mahakama. Huidharau anapoitumia kama fimbo: kufungua shauri juu ya shauri, si kwa kuwa atafuta haki, bali ili mpinzani achoke na mfuko wake uishe. Sheria inampa nafasi ya kufanya hivyo, dhamiri haimpi. Mwenye fedha aweza kukaa barazani miaka kumi, na mwenye kuumia ni yule anayengoja zamu ya maji. Hatusemi ni nani katika shauri la Morisi aliyefanya hivyo. Twasema kwamba kila aingiaye mahakamani na ajiulize: Je, nikishinda leo nitaridhika, au shabaha yangu ni kumwona mwenzangu ameanguka? Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyejua kushinda kwa kiasi naye si mshindani.

Na mahakimu nao wana deni. Amri ya muda itolewayo kwa kusikiliza upande mmoja, kwa sababu ya haraka, ni dawa kali. Hakimu aitoaye yampasa kuusikiliza upande wa pili upesi, maana siku moja kwa kampuni tajiri ni siku tu, bali kwa mfanyakazi angojaye mshahara ni ndefu. Watu wataiheshimu mahakama wakiona kwamba nayo yawaheshimu wasiokuwamo.

Basi tulijibu swali letu. Je, yatupasa kuitii hukumu isiyotupendeza? Ndiyo, yatupasa, nayo ndiyo hasa inayotupasa, maana hukumu ipendezayo haihitaji utii. Huifuata hata mwizi. Yatupasa kuitii huku tukisema wazi kwamba hatukuridhika, huku tukikata rufaa, huku tukimwonyesha hakimu watu watakaoumia. Na kadiri kitu tunachokishika kilivyo cha watu wengi, ndivyo utii wetu unavyopaswa kuwa mkubwa zaidi. Mwenye shamba lake aweza kufanya ukaidi akajiumiza mwenyewe. Mtunza mfereji hana ruhusa hiyo.

Wasomaji wetu wengi hawashiki daftari la namba za bara zima. Lakini wengi mwashika kitu cha watu: daftari la chama cha ushirika, fedha za shule, mpaka wa kiwanja, ufunguo wa mashine ya kusaga. Siku moja mtapatana na mtu mnayemwona mkosaji, na wazee au hakimu wataamua kwamba safari hii ni yeye aliye na haki. Ufunguo utakuwa mkononi mwako, usiku, wala hapana akuonaye. Jambo utakalolifanya na ufunguo ule usiku huo ndilo litakaloonyesha kama hukumu ina heshima katika nchi yetu. Mchana wake, ukiona vema, nenda ukakate rufaa.